Ekari ya bei chee kijijini: mambo ya kujua kabla hujatuma hela

Tangazo linaingia WhatsApp usiku: shamba ekari 10, udongo mweusi, barabara ipo, mto upo, ekari laki tatu tu, mwenyewe ana shida ya haraka. Picha tatu, zote za masika. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayejua bei ya kiwanja cha mita 20 kwa 20, hesabu hiyo inatamanisha.

Kweli, ardhi ya kijijini Tanzania bado ni rahisi ukilinganisha na ya mjini, na wapo waliofaidika nayo. Ila haiuzwi kama kiwanja. Kisheria ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, nayo iko makundi matatu: ardhi ya jumla, ya hifadhi na ya vijiji. Hili la mwisho lina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Msimamizi ni halmashauri ya kijiji, kwa niaba ya wanakijiji wote.

Muhuri wa mtendaji hautoshi

Hapa ndipo wengi wanapoliwa hela. Mnunuzi anaandikishiana na muuzaji, mtendaji wa kijiji anagonga muhuri, mwenyekiti anasaini, picha zinapigwa, watu wanarudi mjini wakijua wamemaliza.

Muhuri wa mtu mmoja si ridhaa ya kijiji. Halmashauri ya kijiji inatakiwa ikae kikao na iandike muhtasari. Na kama ardhi ni ya kijiji chenyewe, yaani kijiji ndicho kinachogawa, mkutano mkuu wa kijiji lazima uridhie kwanza. Mahakama ya Rufani ilishaamua tangu mwaka 1985 kwamba mauziano ya shamba la kijijini bila ridhaa ya halmashauri ya kijiji ni batili. Batili maana yake shamba linarudi, na hela mnunuzi akaidai kwa muuzaji, ambaye mara nyingi ameshaitumia yote.

Kwa hiyo karatasi ya kuomba ni nakala ya muhtasari wa kikao, wenye tarehe, majina na saini za waliohudhuria. Kijiji chenye utaratibu hakioni tabu kuitoa. Dalali akisema "hayo ya vikao yatakuchelewesha," basi hapo pana jambo.

Kikao kina faida nyingine. Shamba linapotajwa mbele za watu, jirani anayegombea mpaka atasema. Mjane atasema. Mdogo wake muuzaji, ambaye baba aliwaachia wote wawili, atasema pia. Bora kelele hizo zisikike kabla ya kulipa. Kama muuzaji ana mwenza, naye akubali na asaini mwenyewe. "Mama watoto amekubali kwa simu" si ridhaa.

Kijiji nacho kina mwisho wake. Chenyewe kinaweza kugawa hadi hekta 20, karibu ekari 50. Anayeahidiwa ekari 200 kwa barua ya kijiji peke yake anauziwa kitu ambacho kijiji hakina mamlaka ya kukitoa. Na asiye raia wa Tanzania hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji. Njia yake ni ya uwekezaji, kwa utaratibu tofauti kabisa.

Hatua 70 za nani?

Vijijini wengi hupima ekari kwa miguu, hatua 70 kwa 70. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047 hivi. Mwenye hatua ndefu ya sentimita 90 atakaribia hapo. Mwenye hatua fupi ya sentimita 75 atakupa mita za mraba 2,756 tu. Ukinunua "ekari 10" za namna hiyo, umepata kama 6 na nusu, 7. Simu ya mkononi yenye GPS na programu ya kupimia eneo inatosha kuonyesha tofauti kubwa kama hiyo: unazunguka mpaka mzima kwa miguu, pamoja na majirani wote. Kazi ya mwisho aachiwe mpimaji.

Halafu ule mto wa kwenye tangazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bahari. Shamba lenye urefu wa mita 100 kutoka mtoni linabaki na mita 40 za kujenga au kuwekeza.

Ofisi ya kijiji iulizwe pia kama kuna mpango wa matumizi ya ardhi. Eneo linaloonekana pori tupu mwezi wa nane linaweza kuwa limetengwa kwa malisho, na ng'ombe wakirudi hawatauliza nani kanunua. Picha za masika zinaficha kiangazi. Nenda misimu yote miwili, kama haraka ya muuzaji si janja tu.

Kununua na kuacha

Wengi hununua wakisubiri bei ipande. Ila shamba lisilotumika kwa miaka 5 au zaidi, halmashauri ya kijiji inaweza kuanza kulitangaza kuwa limetelekezwa. Tangazo hutolewa na mwenyewe hupewa nafasi ya kujieleza, lakini tangazo lililobandikwa kijijini, wa mjini atalisoma saa ngapi?

Anayemaliza utaratibu anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Hii kwa mwanakijiji haina ukomo wa miaka, tofauti na hati za mjini za miaka 33, 66 au 99, na inaweza kuwekwa dhamana, ingawa si kila benki huipokea kwa moyo mmoja. Kijiji kwanza kiwe na cheti chake cha ardhi ya kijiji. Pasipo hicho, hati ya kimila itasubiri.

Wakati inasubiriwa, kuna kazi ya bei ndogo: kupanda minyaa au mikonge kwenye mpaka, majirani wakiwepo, na kumlipa mtu wa palepale alime hata robo ekari kila msimu.