Figo ya Kupandikizwa Mbele ya Korona
Kabla ya Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania, wagonjwa waliohitaji tiba hiyo walipelekwa hasa India. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata, na safari ya mgonjwa wa Bukundi, mkoani Simiyu, ikafupika. Hata hivyo, figo mpya hudumu kwa dawa kama takrolimasi, zinazofifisha kinga, yaani uwezo wa mwili kupambana na vimelea, ili kiungo hicho kisikataliwe. Kwa hiyo korona, iliyothibitishwa nchini Machi 2020, iliwatishia zaidi watu hawa, ambao hata chanjo, iliyozinduliwa Julai 2021, huwakinga kwa kiwango kidogo kuliko wengine. Kuacha dawa hizo bila idhini ya daktari, kwa kuhofia maambukizi, ni kuihatarisha figo yenyewe.