Saa ya Sala Ugogo: Kutoka Rimu ya Lori hadi Bando la Usiku

Vijana wanaopanga vyumba kwangu hapa Ng'hong'hona, Dodoma, jirani na Chimwaga, wana hoja moja wanayoipenda sana. Wanasema wazee wetu walisali kwa sababu hawakuwa na shughuli. Hapakuwa na simu, hapakuwa na mitihani, hapakuwa na bodaboda ya kukimbilia. Jua likizama mtu alibaki na usiku mzima wa kuongea na Mungu. Mimi nimefundisha historia mpaka nilipostaafu, na hoja hiyo siwezi kuiacha ipite bila kalamu nyekundu. Hakuna kizazi cha Wakristo wa Ugogo kilichopata kuwa na muda wa ziada. Waliosali walisali katikati ya kazi, na ipo namna walivyofanya.

Tuanze na kazi yenyewe. Ugogo una msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, nayo kwa mwaka ni milimita 500 hadi 600 hivi. Ukichelewa palizi ya uwele, umekaribisha njaa. Kiangazi maji yalichimbwa kwenye mchanga wa korongo, na mwanamke aliondoka na kibuyu kabla hakujapambazuka ili awahi foleni. Akirudi kulikuwa na jiwe la kusagia linamngoja, kuni, watoto, mlenda wa jioni. Wanaume na wavulana walishinda na ng'ombe. Kabla ya Ukristo, ibada ya Wagogo ilifuata majira: mtemi na mawe yake ya mvua, tambiko kabla ya kupanda, tambiko tena mvua ikigoma au mifugo ikifa. Kumwomba Mulungu kila siku kwa saa iliyopangwa lilikuwa jambo geni.

Ugeni huo ulifika Mpwapwa mwaka 1876, pamoja na wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliokuwa njiani kwenda Uganda. Mmoja wao, fundi wa Kiskoti aliyeitwa Alexander Mackay, ndiye aliyesimamia uchongaji wa njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mtu asidhani walifikia mahali pa utulivu. Misafara ya pwani kwenda Tabora ilipita pale na wapagazi wake, pembe za ndovu, ugomvi wa maji na mabishano ya hongo, yaani ushuru wa kupita, ambayo kila mtemi wa Ugogo aliitoza.

Walichobeba kilikuwa na historia yake. Kwa karne nyingi watawa wa Ulaya walikuwa na sala za vipindi, mchana na usiku, kila kipindi na kengele yake. Mwaka 1549, Askofu Mkuu Thomas Cranmer wa Uingereza alizikusanya katika kitabu kimoja akabakiza mbili, ya asubuhi na ya jioni, zisaliwe katika kanisa la mtaa na si nyuma ya ukuta wa monasteri. Sala hizo mbili ndizo zilizofika Ugogo. Zilikuwa zimekwisha kupunguzwa kwa kipimo cha mtu mwenye kazi, miaka zaidi ya 300 kabla Mgogo wa kwanza hajazisikia.

Jaribu kubwa lilikuja na vita. Reli ya kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na vita ya kwanza ya dunia ilipozuka ikawa njia ya majeshi. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoichukua Dodoma mwaka 1916, nao wakachukua. Kisha mvua ikakatika. Njaa iliyofuata, ya 1917 hadi 1920, Wagogo wanaiita Mtunya. Maelfu walikufa, na koo nzima zilitawanyika kutafuta chakula. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto wakati huo. Alinisimulia kwamba mama yake, aliyekuwa amesomea kwa wamisionari wa Mvumi, aliwasalisha Baba Yetu kwa Cigogo kila walipotua mizigo njiani. Hakusubiri wafike wanakokwenda. Kutua mzigo ndiyo ilikuwa saa yao ya sala, na kila mtoto aliijua kwa sababu mabega yalimwambia.

Mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, makao yake Dodoma, na askofu wake wa kwanza akawa George Chambers kutoka Australia. Miaka ya 1930 likasimama Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu pale mjini. Lakini sala ya kila siku haikuwa ya kanisa kuu. Ilikuwa ya vijijini, mikononi mwa wainjilisti ambao wengi wao walikuwa wakulima kama sisi.

Mwinjilisti wa kijiji nilikozaliwa, upande wa Mvumi, alikuwa na rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mkwaju, na nondo ya kuipigia. Aliigonga jogoo wakiwika mara ya pili, kabla akina mama hawajaenda kisimani, kwa sababu alijua wakishaondoka hatawapata tena. Wakati wa palizi aligonga mapema zaidi na sala ikawa fupi: zaburi moja, maombi machache, Baba Yetu, watu wakatawanyika na majembe waliyokuwa wameyaegemeza ukutani. Baada ya mavuno alirefusha, tukaimba. Wavulana wa kuchunga walisimama mlangoni na fimbo zao, sikio moja likiwa zizini. Hakuna aliyewakaripia kwa hilo.

Rimu ile haikutufanya watakatifu. Nilisinzia mara nyingi. Ilichofanya ni kuiondoa sala katika mambo ya mtu kuamua kila asubuhi upya. Na asiyekuja alikutana na swali mchana, kisimani au shambani: "Vipi, unaumwa?" Halikuwa la kumsuta. Lakini mtu alijua litakuja, akaona heri aamke.

Majirani zetu Wakatoliki walikuwa na njia yao. Mapadre Wapasionisti kutoka Italia walifika Dodoma miaka ya 1930, na hata leo kanisa kuu la Wakatoliki mjini lina jina la mwanzilishi wao, Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Kwa Mkatoliki kengele ilikatiza siku mara tatu, asubuhi, saa sita na jioni, kwa sala ya Malaika wa Bwana. Nimewaona watu shambani wakisimamisha jembe, wakasali, wakaendelea na tuta lile lile. Mwezi Oktoba, wakati joto limepamba moto na watu wanasafisha mashamba kungoja mvua, Rozari ilihama nyumba kwa nyumba. Leo kwako, kesho kwa jirani. Mwenye zamu hawezi kusema amesahau wakati wageni wamekaa uani.

Mtindo huo wa nyumba kwa nyumba ulipata nguvu mpya baadaye. TANU ilikuwa imekwisha kutuzoeza mabalozi wa nyumba kumi kumi, na mwaka 1971 Operesheni Dodoma ikawahamisha watu kutoka tembe zilizotawanyika, ikawaweka katika vijiji vya ujamaa. Ghafla ulikuwa na majirani usiowajua ukoo wao. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walisisitiza jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi ya kanisa. Walutheri na Waanglikana nao wana jumuiya zao za nyumba kwa nyumba. Jumuiya nyingi hukutana alfajiri, kabla duka halijafunguliwa.

Mtu ataniuliza: na sala ya faragha, ya mtu na Mungu wake tu? Hiyo nayo ina historia. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulisambaa Uganda, Kenya na kwetu Tanganyika. Waliookoka walifundishwa kuamka na Biblia, kila mmoja peke yake. Hata hivyo hawakuachwa peke yao. Walikutana wakitoa ushuhuda, wakiungama mbele ya wenzao, na ndugu aliweza kukuuliza usoni unatembeaje na Bwana. Upekee wao wa alfajiri ulikuwa na watu nyuma yake.

Sasa tufike Chimwaga. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na kilima hiki kikaja kujulikana nchi nzima kwa ukumbi wa chama. Hapa ndipo CCM ilipompitisha Benjamin Mkapa mwaka 1995 na Jakaya Kikwete mwaka 2005 kugombea urais. Mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, ukumbi na vilima vyake vikawa vya wanafunzi. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza serikali nzima inahamia Dodoma, na viwanja vilivyokuwa vya uwele vikaota maghorofa.

Wapangaji wangu wanaishi kwa ratiba ambayo haifanani siku mbili mfululizo. Kipindi kimoja kiko saa moja asubuhi, kingine saa kumi na mbili jioni, na koleji ziko mbali kwa mbali. Wananunua bando la usiku kwa sababu ni nafuu, basi kazi za darasa na filamu zote zinasubiri saa sita usiku. Saa kumi na moja, adhana ikisikika na bibi wa Kikristo kama mimi nikiamka nayo, wao ndiyo kwanza wanalala. Biblia wanayo kwenye simu. Nyimbo wanazo. Kengele ya kuwaamsha wanayo, yenye mlio wanaoutaka. Lakini kengele hiyo humlilia mtu mmoja, na mtu huyo huyo huizima kwa kidole kabla mwenzake hajageuka kitandani. Mchana hakuna wa kumwuliza kama anaumwa.

Ndiyo maana siwashangai wanaojaza vikundi vya wanafunzi Wakristo vya TAFES, USCF, CASFETA na TMCS, wakisali jioni katika vyumba vya mihadhara baada ya vipindi. Wamegundua kwa njia yao kile ambacho mwinjilisti wetu alikijua.

Kwangu hapa maji ni ya mgao, na mara nyingi hutoka alfajiri. Mabinti wanapanga ndoo uani wapende wasipende. Siku moja binti wa mwaka wa pili, baada ya shikamoo, akanilalamikia kwamba hana hata dakika kumi za kusali. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo ulipo unafanya nini?" Sasa foleni ya ndoo ina zaburi moja na maombi, na anayekosekana hugongewa mlango. Muhula huu inakwenda vizuri. Mgao ukibadilika tutatafuta kingine cha kuishikiza sala, kama mwinjilisti alivyobadili saa palizi ilipoanza.

Kwa hiyo ratiba mpya ikitoka, nawaambia wasihangaike kutafuta nafasi tupu. Nafasi tupu haikuwepo Mpwapwa wala wakati wa Mtunya, na Chimwaga haitapatikana. Watazame kazi ambayo hawawezi kuikwepa, waifunge sala hapo, kisha wamtafute mtu mmoja atakayewauliza wasipokuja.