Kushuka Daraja na Kinachobaki: Msimu wa KenGold Ukitazamwa kutoka Ihanda

KenGold ya Chunya ilimaliza msimu wa 2024/25 wa Ligi Kuu Tanzania Bara ikiburuza mkia, na pointi 16 kati ya 90 zilizokuwa zikigombewa. Ilikuwa imepanda daraja kwa kishindo, bingwa wa Championship ya 2023/24, na mwaka mmoja baadaye ikarudi ilikotoka. Magazeti ya michezo yaliandika habari hiyo kwa aya mbili tatu kisha yakahamia kwenye mbio za ubingwa. Nadhani tuliharakisha. Msimu ule una mengi ya kutufundisha kuhusu jinsi ligi yetu inavyowatendea walioshindwa, na hoja yangu ni kwamba tatizo letu kubwa si timu kufungwa. Tatizo ni kwamba ligi yetu haijajiuliza timu iliyofungwa inapaswa kubaki na nini.

Jambo hili nalitazama kutoka Ihanda, kata ya Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, kwa sababu moja. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini mapenzi ya soka hayakumegwa. Songwe haina timu Ligi Kuu. Mkulima wa kahawa wa Ihanda anayetaka kuona mechi ya ligi kwa macho yake hupanda gari kupitia Mlowo na Mbalizi hadi Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Asiyeweza nauli huingia kibanda umiza, akalipa kiingilio chake, akabanana na wenzake kwenye benchi mbele ya televisheni na kisimbuzi cha Azam. Kwa mtu huyu, timu ya Mbeya ni timu ya nyumbani, iwe ni ya Jiji, ya Magereza, ya Mbarali au ya Chunya. Timu moja ikishuka, pengo hilo analiona pia yeye, ingawa mipaka ya kiutawala inasema ni la jirani.

Tena analo la kulinganisha. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, chini ya kocha Juma Mwambusi, na ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, ikiiacha Simba nafasi ya nne. Wakati huo Ihanda bado ilikuwa Mkoa wa Mbeya. Watu wazima waliokuwa wamegawanyika Simba na Yanga tangu utotoni walijikuta kwa mara ya kwanza na timu ya kwao inayowatisha wakubwa hao wawili. Miaka tisa baadaye, Juni 2023, Mbeya City hiyohiyo ilitolewa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mechi za mchujo na kushuka daraja baada ya misimu 10.

Maelezo ya kushindwa tunayajua, maana tumeyazoea. Kwanza ni wachezaji: hawajitumi, wamechoka, wamenunuliwa. Pili ni kocha, na hapa viongozi hawachelewi. KenGold ilianza msimu na Fikiri Elias, naye akaondoka mapema kabla ligi haijachanganya, na wengine wakafuata kukalia benchi hilo. Tatu ni mambo ya gizani, yanayosemwa kwa sauti ya chini ingawa kila mtu anayasikia. Sina haja ya kubishana na maelezo hayo moja baada ya jingine. Kasoro yake ni ya pamoja: yote yanautafuta mzizi ndani ya dakika 90, wakati sehemu kubwa ya msimu wa kushindwa hutengenezwa nje ya uwanja, na sehemu nyingine hutengenezwa na kanuni za mashindano yenyewe.

Hapa mpira wa kikapu wa Marekani unatusaidia kuona, na mfano wake wa karibu zaidi ni wa Mtanzania. Msimu wa 2008/09 Memphis Grizzlies walishinda mechi 24 na kupoteza 58. Kwa kipimo chetu hao ni watu wa kufungasha virago. NBA haina kushuka daraja. Badala yake, timu zilizoboronga hupewa nafasi za mbele katika kuchagua wachezaji wapya, na Juni 2009 Memphis, waliopata chaguo la pili, walimchukua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyetokea Chuo Kikuu cha Connecticut. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA aliingia kupitia mlango uliofunguliwa na msimu mbovu wa watu wengine. Kwamba safari yake huko haikufikia matarajio ya wengi ni habari nyingine. Kinachonigusa ni utaratibu: timu iliyopoteza mechi 58 ilitoka na haki fulani mkononi.

Haki hiyo ina gharama, na Wamarekani wenyewe wanaijua. Ukimlipa anayeshindwa, kuna atakayetafuta kushindwa. Ndiyo sababu NBA ilianzisha bahati nasibu ya uchaguzi mwaka 1985, na kuanzia 2019 ikasawazisha nafasi za timu tatu za mwisho ili kuburuza mkia kusiwe na faida ya ziada. Bado Philadelphia 76ers walishinda mechi 19, kisha 18, kisha 10 katika misimu mitatu mfululizo kuanzia 2013/14, kwa mpango ambao uongozi haukuuficha. Mwaka 2023 Dallas Mavericks walipigwa faini ya dola 750,000 kwa kuwapumzisha nyota wao kwenye mechi ambayo bado ilikuwa na maana. Shabiki aliyelipa kiingilio kuangalia timu isiyotaka kushinda amedhulumiwa, na sitaki dhuluma hiyo iletwe Sokoine. Kushuka daraja kunalinda heshima ya mechi ya mwisho wa msimu. Mechi ya timu ya 13 na ya 14, ambayo kwingine ingekuwa ya kukamilisha ratiba, kwetu hujaza uwanja.

Lakini tazama upande wa pili wa utaratibu huohuo wa Marekani. Detroit Pistons msimu wa 2023/24 walipoteza mechi 28 mfululizo na kumaliza na ushindi 14 tu. Msimu uliofuata walishinda 44 na kuingia hatua ya mtoano. Katika kuzama kwao walipata nafasi ya kuwavumilia vijana, kuwapa dakika na kuwaacha wakosee, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewashikia panga shingoni.

KenGold haikuwa na nafasi hiyo. Dirisha dogo la usajili la msimu huo lilipofunguliwa, ikiwa mkiani, ilifanya kile ambacho timu yoyote iliyo katika hali ile ingeshawishika kukifanya: ilitafuta majina. Wakaja Bernard Morrison, Mghana aliyewahi kuzitumikia Yanga na Simba; Kelvin Yondani, beki aliyekuwa mhimili wa Taifa Stars kwa miaka; Obrey Chirwa; Zawadi Mauya. Hawa ni wachezaji wa heshima, na sisemi neno dhidi yao. Lakini ukisajili wakongwe katikati ya msimu ili kuokoa miezi minne, unatumia fedha ambazo zingejenga kikosi cha miaka minne. Nao wakishindwa kukuokoa, unashuka bila fedha na bila wao. Anayetumia hivyo si mjinga. Anazisoma kanuni kama zilivyo, nazo zinamwambia kwamba baada ya Mei hakuna kitu.

Februari 5, 2025, Yanga iliifunga KenGold 6-1 pale KMC Complex, Dar es Salaam. Kwa takwimu ni kipigo cha aibu. Bao moja la KenGold, hata hivyo, lilifungwa na Selemani Bwenzi kwa shuti la mbali mno, akiwa karibu na mstari wa kati, mpira ukampita kipa juu na kuingia wavuni. Video ya bao hilo ilizunguka kwenye simu za watu kwa siku kadhaa, wengi wao mashabiki wa Yanga, wakisahau kwa muda kwamba walikuwa wameshinda sita. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kile ambacho jedwali la ligi halina safu ya kukiandika. Timu ya mkiani ilikuwa na mtu wa kufanya jambo ambalo halikufanywa na bingwa siku ile. Swali la kisera ni nani hubaki na mtu huyo, na kwa faida ya nani, klabu inaposhuka.

Katika nyanda zetu na kwingineko swali hili limejibiwa kwa namna tofauti tofauti, na majibu hayo yakiwekwa pamoja yanatoa picha. Tanzania Prisons nusura ishuke msimu uleule wa 2024/25, ikanusurika kwenye mchujo. Ingeshuka, Jeshi la Magereza lingekuwepo kesho yake. Mbeya City ilishuka 2023, ikakaa chini misimu miwili, na 2025 ikapanda tena ikiwa ya pili nyuma ya Mtibwa Sugar. Jina halikubadilika, na Halmashauri ya Jiji iliyoianzisha haikuhama. Mtibwa yenyewe, bingwa wa Bara wa 1999 na 2000, ilishuka 2024 na kurudi baada ya msimu mmoja: ina kiwanda nyuma yake na utamaduni wa kulea vijana ambao umeiletea mataji ya U20. Sidai kwamba taasisi huzuia kufungwa. Kagera Sugar nayo ina kiwanda, na ilishuka pamoja na KenGold. Ninachodai ni kwamba taasisi huamua kinachobaki baada ya kufungwa.

Ihefu, timu ya Mbarali, ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu haikupotea kwa kushuka daraja. Novemba 29, 2022, kwenye uwanja wa Highland Estates, Mbarali, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Hakuna timu nyingine iliyoweza hilo kwa muda wote ule. Mwaka 2024 timu hiyo ikahamishiwa Singida, na msimu wa 2024/25 ikacheza kwa jina la Singida Black Stars. Kisheria ni klabu ileile. Kwa shabiki wa Ubaruku, aliyesimama kando ya mstari siku ile ya Novemba, timu imekufa ikiwa hai, bila hata mechi moja ya kuagana. Wilaya iliyoshinda ikapoteza kila kitu, wakati jiji lililoshindwa, Mbeya, lilibaki na timu yake. Anayeamini kwamba matokeo ya uwanjani ndiyo kipimo pekee cha msimu mbaya ana kazi ya kulieleza hili.

KenGold iko katikati ya mifano hiyo. Ni timu iliyosimama kwa fedha za dhahabu, ya Chunya kwa jina, wilaya ambayo machimbo ya Lupa yaliitangaza tangu enzi za ukoloni. Lakini mechi zake nyingi za nyumbani ilizichezea Sokoine, mjini Mbeya. Mtoto wa Chunya alikuwa na timu Ligi Kuu, na alihitaji nauli ya kwenda na kurudi ili kuiona. Pamba Jiji, iliyopanda nayo msimu mmoja, ilicheza ndani ya jiji la Mwanza, kwa watu waliokuwa wameingoja kwa zaidi ya miaka 20, na ikabaki. Sitaki kuikuza tofauti hiyo kupita kiasi, maana mambo mengi huamua msimu. Ila uwanja wa nyumbani ulio mbali na nyumbani humnyima anayefungwa kitu cha kwanza anachokihitaji, yaani watu wanaokuja hata kama jana walifungwa.

Nini kifanyike? Mwaka 2021 Azam Media na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kiasi hicho hakikuwahi kuonekana katika soka letu, na kimebadilisha maisha ya klabu za Ligi Kuu. Lakini kadiri fedha za juu zinavyoongezeka, ndivyo shimo la kuangukia linavyozidi kina. Uingereza waliliona hilo, na klabu inayoshuka kutoka Premier League huendelea kupokea sehemu ya fedha za matangazo kwa hadi misimu 3, ikipungua mwaka hadi mwaka. Utaratibu huo una wapinzani wake, wanaosema unazipendelea timu zilizoshuka dhidi ya zile ambazo hazijawahi kupanda. Pingamizi hilo ni la haki. Kwetu linaweza kujibiwa kwa sharti: fedha za mteremko zisiwe za mishahara ya nyota wapya, zielekezwe kwenye timu ya vijana na kwenye uwanja ulio ndani ya wilaya ambayo klabu inabeba jina lake. Chunya ipate nyasi na uzio. Klabu isiyo tayari kuwekeza kwao isipewe.

Pamoja na hilo, leseni ya klabu ifungwe na mahali kwa muda unaoeleweka, ili anayetaka kuihamisha timu awajibike kwanza kwa watu anaowaachia uwanja mtupu. Na mikataba ya wachezaji iandikwe ikijua kwamba kushuka kunawezekana: mshahara utakuwa kiasi gani Championship, na klabu itapata nini mchezaji akiondoka. Mambo haya yakiachwa hadi Mei, kila mmoja hukimbia na chake, na klabu inayoanza Championship Septemba inakuwa imebaki na jezi na deni.

Songwe nayo itapata timu Ligi Kuu siku moja. Vwawa, Tunduma na Mlowo zina watu, zina biashara ya mpakani na kahawa, na vijana wake hucheza mpira kila jioni penye eneo tambarare. Timu hiyo ikipanda, kuna uwezekano mkubwa msimu wake wa kwanza ukawa wa kufungwa, kwa sababu ndivyo ilivyo kwa wengi wanaopanda. Viongozi wa mkoa na wa chama cha soka wana muda wa kuandika sasa, kabla ya msimu huo, ni nani atakayemiliki klabu, itachezea uwanja upi, na vijana wa Ihanda watakaokuwa wameingia kikosini watakuwa chini ya nani iwapo itashuka.