Kipimo cha unene kilianzia Ubelgiji, hatari ikaonekana baadaye

Katika Kongo, watu wengi wangali wanaona kitambi kuwa alama ya mali. Historia inaonyesha jambo lingine.

Katika miaka ya 1830, Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa nyota na hesabu, alilinganisha uzito wa watu na urefu wao. Hakuwa daktari, wala hakutafuta ugonjwa. Alitaka kujua mtu wa kawaida yukoje.

Ugonjwa ulionekana baadaye. Tangu 1948, madaktari walifuatilia wakaaji 5209 wa Framingham, Marekani. Mwaka 1983 walitangaza kwamba unene wenyewe, hata tansio ikiwekwa kando, unaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo.

Leo waganga wanagawanya kilo za mtu kwa urefu wake, kisha wanagawanya tena kwa urefu uleule. Mwenye kilo 80 na mita 1,60 anapata 31. Kuanzia 30, unene umepita kiasi, na unaweza kuleta tansio na ugonjwa wa sukari.

Vita haviponyeshi magonjwa hayo. Mwenye sukari aliyekimbia na kuacha dawa anaweza kupoteza macho, figo au mguu, hata kama amekonda njiani. Akifika kambini, amwambie muganga mapema dawa aliyokuwa anatumia.