Shimo la Makumbi na Gilasi ya Winogradsky

Pale Darajani, ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, mtu anaweza kununua bonge la magadi la kulainishia maharage, akaongeza na pindi la kamba ya makumbi, vyote vikaingia kikapu kimoja. Ni bidhaa zisizojuana. Lakini magadi asili yake ni kwenye maziwa ambayo maji yake yangetuchubua, na kamba imetoka kwenye tope ambalo lingetuziba pumzi. Kote huko vijidudu vimejaa tele.

Katika Bonde la Ufa, Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya yana pH inayopita 10, wakati ya bahari ni kama 8. Kila hatua ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo maji yale yanaizidi bahari kwa ukali wa kialkali zaidi ya mara mia. Na bado kiangazi kikishika, ziwa huiva likawa jekundu kwa wingi wa viumbe vilivyomo. Watafiti wa Leicester, Uingereza, akiwemo William Grant, walikitoa kimoja katika Ziwa Magadi, wakakiotesha peke yake kwenye chumvi na magadi, na mwaka 1984 wakakitangaza kwa jina la Natronobacterium gregoryi.

Hiyo ndiyo mila ya kutenga: mmoja atolewe katika kundi, afugwe peke yake, ajulikane. Ilipata nguvu kwa Robert Koch wa Ujerumani, aliyetangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Kwenye maradhi ni lazima iwe hivyo, maana unamsaka mkosaji. Hata neno letu lenyewe, vijidudu, limebeba kisa hicho. Ni vigumu kulitamka bila kukumbuka zahanati.

Mila nyingine haina kitabu. Iko Jambiani, Paje na Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, wakati maji yamekupwa. Wanawake huchimba mashimo ufuoni, wakapanga makumbi ya nazi, wakayafunika kwa mchanga na mawe yasije yakachukuliwa na maji, wakaenda zao. Miezi hupita, bahari ikijaa na kutoka juu yake. Siku ya kufukua, kinachotangulia ni uvundo wa yai viza. Kumbi lililoingia la kahawia linatoka jeusi. Ukilibonyeza linateleza, nyuzi zinaanza kuachana. Hapo tena ni kuponda kwa gongo, kuosha, kuanika, kusokota.

"Shikamoo bibi. Unajuaje kama yashaiva?" nilimwuliza mmoja wao.

"Marahaba, mwanangu. Nauvuta uzi mmoja. Ukigoma, nafukia tena."

Kinachotendeka humo ni hiki. Nyuzi za kumbi zimegandamana kwa pektini. Bakteria huila pektini hiyo na kuziacha nyuzi zenyewe, ambazo ni ngumu kwao. Oksijeni huisha upesi chini ya tope, wakabaki wasioihitaji. Baadhi yao hupumua salfeti ya maji ya bahari kama sisi tunavyopumua oksijeni, na pumzi yao ni haidrojeni salfaidi, ule uvundo. Ikikutana na chuma kilichomo topeni, tope huwa jeusi. Bangili ya fedha ikizama humo nayo husawijika. Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwaeleza bakteria hao mwaka 1895. Kamba za makumbi zilikuwa zimekwisha kushona mitepe, vyombo vya kale vya pwani yetu, bila msumari, karne nyingi kabla yake.

Tumezoea kuuweka ujuzi wa bibi upande mmoja na sayansi upande wa pili. Mimi sioni hivyo. Ndani ya maabara yenyewe kulikuwa na mtu wa aina ya bibi: Sergei Winogradsky, Mrusi. Alitia tope ndani ya gilasi, akachanganya jasi, akajaza maji, akaiacha penye mwanga. Baada ya wiki kadhaa matabaka yakajipanga: jeusi chini, juu yake kijani na zambarau. Hakumtenga yeyote humo. Aliandaa mtaa, akawaacha majirani wajipange wenyewe. Shimo la Jambiani ni ndugu wa gilasi ile, ila gilasi ni ya kutazama na shimo ni la kamba. Winogradsky aliuliza nani anafanya nini. Bibi anauliza kama uzi umekubali.

Simdharau Koch. Bila kutenga tusingepata kimeng'enya cha Thermus aquaticus, bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone aliyeelezwa na Thomas Brock mwaka 1969, ambacho kimewezesha kupima maradhi mengi kwa vinasaba. Lakini kilichotengwa hubebeka, na kinachobebeka huuzika. Vijidudu vya Ziwa Bogoria, Kenya, vilitoa vimeng'enya vya kufifishia jinzi kiwandani, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likadai haki yake. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ya kugawana faida itokanayo na viumbe vya namna hiyo, inataja pia ujuzi wa jadi. Hata hivyo shimo la makumbi haliingii kwenye chupa, na aliyeligundua hana jina lililoandikwa popote. Hilo linaniuma.

Natamani mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, pale Buyu, ashuke ufuoni maji yakipwa, na bibi ndiye aamue shimo lipi lifukuliwe na lini. Kumbi nililoonyeshwa mimi, uzi wake uligoma. Bibi alilirudisha shimoni, akalifukia, akaukanyaga mchanga kwa kisigino, akaweka jiwe juu.