Mimea ya Usambara, moto wa Berlin na kopi za Git

Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943, mabomu yaliangukia bustani ya mimea ya Dahlem, Berlin. Sehemu kubwa ya mimea iliyokaushwa pale iliteketea, ikiwemo ya milima ya Usambara, mkoani Tanga. Baadhi ndizo sampuli zilizotumika kuipa mimea yetu majina ya kisayansi.

Hasara kubwa, lakini si kila kitu kilipotea. Wakusanyaji wana desturi ya zamani: ukichuma matawi ya mmea mmoja, unakausha kadhaa, unayapa namba moja, halafu unayagawa. Sampuli za Carl Holst, aliyekusanya Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890, zilikuwa na pacha zake Kew, London. Ukisoma jina lake na namba, unajua cha kutafuta, popote kilipo.

Waandishi wa programu nao wana namba zao. Git, iliyotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hutunza historia ya mafaili. Kila kitu ndani yake hupewa jina la herufi na tarakimu 40, linalokokotolewa kutokana na yaliyomo. Badilisha nukta moja tu, na jina linabadilika. Kwa hiyo jina likifanana, kitu ni kilekile, iwe Tanga au Toronto.

Sasa, kama ni kilekile, kwa nini kila hazina iwe na kopi yake? Git ina faili dogo liitwalo alternates. Ndani yake mna anwani tu: usipokiona hapa, kaangalie kule. Kwa mtandao lipo http-alternates: kompyuta yako ikiomba kitu kwa njia ya zamani ya HTTP na seva ikawa haina, inasoma faili hilo kisha inaenda kubisha hodi hazina nyingine. Nafasi ya diski inaokolewa.

Shida ni kwamba mwenye hazina ya pili hajui nani anamtegemea. Siku akifuta kitu anachodhani hakina kazi, aliyeazima anabaki na jina tu. Hebu fikiria kama Kew ingeweka karatasi iliyoandikwa "nenda Berlin". Mwaka 1943 ingekuwa basi tena.

Kituo cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902 kwenye Usambara ya Mashariki, nacho kilijenga hifadhi yake ya mimea. Mwaka 1950 ilihamishiwa Nairobi, na mwanafunzi wa Tanga leo anayetaka kuiona anaifuata huko. Anwani ipo, ila karatasi hazipo.

Kuazima si dhambi, hasa kwa kazi za muda. Ila kwa kitu usichoweza kukikusanya tena, kwenye Git endesha git repack -a -d, vitu vya kuazima vinakiliwe kwako, ndipo ufute faili la alternates. Kwa mimea hakuna amri kama hiyo, na msitu ukishakatwa hakuna pa kwenda kuchuma tena.