Nywele za mke katika sheria ya Kiyahudi

KATIKA sheria ya Kiyahudi, wajibu wa mwanamke kufunika nywele huanza na ndoa. Msichana huruhusiwa kutembea kichwa wazi. Akishaolewa, hutakiwa kuzisitiri kila atokapo hadharani.

Chimbuko lake ni Hesabu 5:18, ambapo kuhani anaagizwa kufunua kichwa cha mke aliyeshukiwa kuzini. Kutokana na aya hiyo, wanazuoni wa Talmudi walihitimisha kuwa mabinti wa Israeli hawana ruhusa ya kutoka vichwa wazi.

Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka wa 200 Baada ya Kristo, iliambatanisha kosa hilo na hasara ya fedha. Mke aliyetoka nywele wazi angeweza kutalikiwa bila kulipwa ketuba, yaani kiasi ambacho mkataba wa ndoa humwekea mke iwapo ataachwa au kufiwa.

Je, afunike kwa nini? Hapo marabi wametofautiana. Rabi Ovadia Yosef, aliyekuwa rabi mkuu wa Wasefardi nchini Israeli kuanzia 1973 hadi 1983, alipinga nywele bandia. Kinyume chake, Rabi Menachem Mendel Schneerson, kiongozi wa Chabad jijini New York, alizipendelea kuliko kitambaa, ambacho ni rahisi kukivua.

Mnamo Mei 2004, Rabi Yosef Shalom Elyashiv wa Jerusalem aliharamisha nywele bandia zilizotengenezwa kwa nywele kutoka India. Sababu ni kuwa nyingi zilitoka katika hekalu la Tirupati, ambako mahujaji wa Kihindu hunyolewa, naye aliona kitendo hicho kuwa ibada ya sanamu. Baadhi ya Wayahudi wa Israeli na Brooklyn waliziteketeza barabarani, ingawa kuna zinazouzwa kwa maelfu ya dola.

Mjane na mtalaka pia hutarajiwa kuendelea kufunika. Hata hivyo, Rabi Moshe Feinstein wa New York, aliyefariki 1986, alimruhusu mjane mmoja kwenda kazini kichwa wazi, kwa kuwa hangepata njia nyingine ya kuwalisha wanawe. Alisema wajibu wa mjane si mzito kama wa mke, na kukosa riziki ni hasara kubwa. Nje ya kazi, alimtaka ajifunike kama kawaida.